Mpira wa mkojo ukiulowesha unateleza kama kambale, ukikauka unanata kama gundi. Kuna nini juu ya hii plastiki?

Kaka_Kitunda (mleta mada)

Wakuu, za jioni. Nina swali ambalo nusu ni la kitabibu na nusu ni la kemia. Moderata akiona haliko mahali pake alihamishe tu.

Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda miaka minne iliyopita, uti wa mgongo ukaumia. Miguu haifanyi kazi, na kibofu kikijaa hakimpi taarifa. Kwa hiyo anajitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mara tano au sita kwa siku. Siongelei ule wa kukaa nao na mfuko unaning'inia pembeni. Huu anaingiza, mkojo unatoka, anachomoa. Alifundishwa wodini, na siku hizi anamaliza huku anaangalia mpira mwingine, wa Simba na Yanga.

Miaka yote tumetumia ile ya plastiki ya kawaida na jeli. Mwezi uliopita jamaa yetu aliyetoka nje akamletea boksi la mingine. Kwa macho ni mrija uleule. Maelekezo yanasema tia maji, subiri sekunde 30, tumia. Nikaushika mwenyewe kabla. Ukiwa mkavu hauna maajabu. Nikamimina maji, nikahesabu hadi thelathini, aisee, nikawa kama nimeshika kambale. Uliniponyoka ukaanguka kwenye beseni. Na sio mafuta, maana nilifuta vidole kwenye shati na hakuna alama iliyobaki.

Mdogo wangu akafurahi, anasema hasikii hata kukwaruza. Halafu yakatokea mawili.

La kwanza, nilitaka kubana matumizi. Nikauosha mmoja uliotumika kwa sabuni na maji safi, nikauanika juu ya kitambaa, kama tunavyofanya kwa ile ya kawaida. Asubuhi nauinua, kitambaa kinakuja nacho! Umegandamana, nyuzi za kitambaa zimebaki juu yake, na ukiugusa kwa kidole chenye unyevu unanata kama bahasha uliyoilamba.

La pili, siku moja alipigiwa simu katikati ya shughuli, akakaa nao ndani kama dakika kumi hivi. Kuchomoa ukakwama. Alitoka jasho. Ile ya bei rahisi haijawahi kumfanyia hivyo.

Sasa wataalamu, hicho kitu kilichopakwa ni nini? Kwa nini wasitengeneze plastiki yenyewe iwe inateleza? Na je, naweza kuipaka mwenyewe nyumbani juu ya ile ya kawaida? Nawasilisha.

Naweka_Kambi

Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wenye vyeti.

Mgogo_Halisi

Hiyo ni mlenda, mkuu. Wazungu wameupaka kwenye mrija. Sisi tunaula na ugali, wao wanautumia huko.

Mjukuu_wa_Chifu

Mnajitesa bure. Pakeni vaselini kwenye ile ya kawaida, itateleza hadi mchukie.

SistaWodi

@Mjukuu_wa_Chifu hapana, kaka. Usimpe mtu ushauri huo. Vaselini haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo ikiingia kwenye kibofu haioshwi na mkojo. Na kama mpira ni wa raba asilia, mafuta yanaila raba mpaka inalegea na kuchanika. Jeli ya njia ya mkojo ni ile inayoyeyuka kwenye maji, basi. Mafuta ya kupikia nayo yasahauliwe, maana nimeshakutana nayo kazini.

@Kaka_Kitunda pole na hongera kwa kumsimamia mdogo wako. Hilo la kukwama nitarudi, nipo zamu.

Mkemia_Mchovu

Mgogo_Halisi ameandika utani, lakini ndiye aliyejibu swali. Nitaeleza kwa urefu, asiyependa kusoma aruke.

Mlenda au bamia unateleza kwa sababu ndani ya maji yake kuna minyororo mirefu ya sukari, molekyuli kubwa mno zinazopenda maji. Kila mnyororo umezungukwa na maji na hautaki kuyaachia. Kitu kilichopakwa kwenye mpira wa mdogo wako ni cha ukoo huohuo, ila kimetengenezwa kiwandani. Inayotumika zaidi inaitwa polivinilipirolidoni, tuiite PVP. Umeshakutana nayo bila kujua. Ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda, povidoni ayodini, hiyo "povidoni" ndiyo PVP yenyewe, imeshikilia ayodini. Ilipatiwa hataza Ujerumani mwaka 1939, na wakati wa vita waliitia kwenye maji ya dripu kufidia damu iliyopotea. Na imetumika kwenye gundi za kijiti za wanafunzi. Shika hilo la gundi, nitalirudia.

Kwanza, kwa nini plastiki inakwaruza. Mrija wa PVC iliyolainishwa au silikoni ni laini, na watu wanadhani laini maana yake inateleza. Ni kinyume. Kitu laini kinajikunja kufuata sura ya kile kinachokigusa, kwa hiyo eneo la kugusana linakuwa kubwa na linashikana. Chukua soli ya raba uiburuze juu ya kioo kikavu, utaona. Wanaopima msuguano wanatumia namba moja, nguvu ya kuburuta kugawa kwa uzito unaokandamiza. Raba kavu inaweza kukaribia 1. Na maji matupu hayasaidii, kwa sababu ukikandamiza yanakimbia pembeni na plastiki inakutana na nyama.

Sasa paka PVP tabaka jembamba sana, mikromita chache tu, wakati unywele una kama 70. Ikiwa kavu minyororo imelala kama nyasi za kiangazi. Tia maji, zile sekunde 30, inakunywa na kuvimba, inasimama. Uzuri wake ni kwamba maji yale yameshikwa na minyororo kiasi kwamba ukikandamiza hayatoki, lakini kila tone dogo bado linaweza kubadilishana nafasi na jirani yake. Yanabeba mzigo na bado yanatiririka. Msuguano unashuka chini ya 0.1, na tando zilizotengenezwa vizuri zinafika 0.02 au hata chini ya hapo. Gegedu ya goti lako inafanya kazi kwa namna inayofanana na hiyo. Mwaka 1994 kundi la Jacob Klein wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, lilionyesha kwenye jarida la Nature jinsi minyororo iliyosimama kama brashi inavyoua msuguano kati ya nyuso mbili zilizobanana.

Kwa hiyo, mkuu, plastiki haitelezi. Kinachoteleza ni maji, plastiki imepewa tu kitu cha kuyashika. Ukilikubali hilo, matatizo yako mawili yanajieleza. Ukianika, maji yanaondoka na minyororo inalala. Ikilala ikiwa na unyevu kidogo, inalala pamoja na kitambaa, inasukana na nyuzi zake. Hiyo ndiyo gundi ya kijiti niliyosema.

Naweka_Kambi

Yaani dawa ya kidonda, gundi ya shule na mpira wa mkojo ni kitu kimoja. Nimeishiwa maneno.

Kaka_Kitunda (mleta mada)

Mkemia ubarikiwe. Ila la pili hujalifunga. Ndani ya mwili hakuna upepo wala jua. Ulikaukaje mle?

Mswahili_Göteborg

Nijibu mimi, natumia hii mipira mwenyewe mwaka wa tisa sasa, na niko nchi ilikozaliwa. Mpira wa kwanza wa aina hii kuingia sokoni ulitoka hapa Sweden mwaka 1983, jina lake LoFric, na kampuni yake iko Mölndal, jirani kabisa na mji wetu.

Kukwama kwako kulikuwa ugonjwa wa ile ya mwanzo. Fikiria dagaa ukiwatia chumvi, wanatoa maji wenyewe, hujawakamua. Mwili wetu una chumvi, mkojo una chumvi. Utando ukinyonya maji matupu, ukiingia ndani unakutana na tishu yenye chumvi nyingi kuliko wenyewe, nayo inayavuta maji kutoka kwenye utando. Dakika moja mbili hakuna neno. Dakika kumi, utando umepungukiwa maji na umeanza tabia ya gundi, ukiwa bado ndani. Ndiyo maana baadaye waliweka chumvi ndani ya utando wenyewe, ukilowa unakuwa na chumvi inayokaribia ya mkojo na hauvutani na mtu. Angalia pakiti yako. Mingine inakuja na kifuko kidogo cha maji ya chumvi ndani, unakipasua kwa kidole. Kama kifuko kipo, tumia hicho, usimwage ukaweka ya bomba.

Kaka_Kitunda (mleta mada)

Mungu wangu. Kifuko kipo. Tulidhani ni kile cha kuzuia unyevu, kama cha kwenye boksi la viatu. Tulikuwa tunakitupa.

Mgogo_Halisi

😂😂😂 Mkuu!

SistaWodi

Nimerudi. Usijilaumu, maelekezo yenyewe ni vijipicha vya mstari. Nilitaka kuongeza kwamba mpira ukikwama si lazima iwe utando. Kwa walioumia uti wa mgongo misuli ya pale inaweza kubana ghafla ikaushika mpira. Kwa vyovyote mpira hauvutwi kwa nguvu. Atulie, apumue taratibu, asubiri kidogo, ajaribu tena polepole. Ikigoma, au damu ikionekana, ni hospitali.

La kuosha: tazama pakiti, kuna kiduara chenye namba 2 iliyokatwa kwa mstari. Maana yake ni matumizi ya mara moja. Alama hiyo ipo hata kwenye ile ya kawaida, nasi wote tunajua kinachofanyika majumbani kwa sababu ya bei. Kwa ile ya kawaida, kama uwezo hauruhusu, muulize muuguzi wenu akuoneshe namna ya kuosha, kukausha na lini kuitupa. Kwa iliyopakwa hakuna mjadala. Ukiosha unaondoa kile ulichokilipia, na unabaki na uso wenye nyuzi na vumbi unaopeleka kwenye kibofu.

Wa_Likoni

Salaam aleikum. Nasoma kutoka Mombasa. Mwanangu alizaliwa na mgongo wazi, yu na miaka saba, mamake ndiye amtoaye mkojo. Twatumia ya kawaida, twaiosha. Sasa nyinyi mwanitia hofu. Je, yule mtoto namdhuru kwa kutomnunulia hii ya kuteleza? Maana niliuliza bei duka la dawa, nikashukuru, nikatoka.

Mswahili_Göteborg

Ndugu yangu, mimi sirudi kwenye ile ya zamani hata unilipe. Michubuko kidogo, UTI kidogo.

SistaWodi

@Mswahili_Göteborg taratibu hapo. Wewe unapewa kwa agizo la daktari, usimtie mzazi simanzi. Michubuko kupungua, sawa, wengi wanasema hivyo na inaingia akilini. Lakini kwa maambukizi, mapitio makubwa ya mwaka 2021 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio yaliyopo na hayakupata ushahidi wa uhakika kwamba mpira uliopakwa unapunguza UTI kuliko usiopakwa.

@Wa_Likoni sikiliza baba. Mtindo huu wa kuingiza na kutoa, usafi wa kawaida wa mikono bila glovu tasa, ulipata nguvu mwaka 1972 kupitia daktari Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan. Wenzake walimshangaa. Hoja yake ilikuwa kwamba kibofu kinachokaa kimejaa na kutanuka ndicho kinachougua, kwa hiyo kukitoa mkojo mara kwa mara ni muhimu kuliko kutafuta utasa kamili. Ni miaka 11 kabla ya huo mpira wa Sweden. Mama anayemtoa mtoto mkojo kwa saa zake, mikono imeoshwa, jeli ya kutosha, ameshamkinga figo. Hamumdhuru.

Jambo moja tu la kuangalia: watoto wenye mgongo wazi wengi wao hupata mzio wa raba asilia. Hakikisheni mpira si wa raba. Plastiki au silikoni.

Wa_Likoni

Shukran sana dada. Wa plastiki. Nimepumua.

FundiNyaya

Mnisamehe kuingilia, mimi ni wa faiba, tunapitisha nyaya chini ya barabara, lakini mnaongelea kazi yangu. Shida yetu ni hiihii, kitu kirefu chembamba kupita kwenye tundu lenye kona. Mabomba yetu ni ya polithini nzito, na mazuri yake yana tabaka gumu la ndani lenye silikoni, limetengenezwa pamoja na bomba. Halikauki wala halioshwi.

Na kona ndizo zinaua. Kila kona inazidisha mvuto, haijumlishi. Chukua kona nne za nyuzi 90, jumla mzunguko mmoja. Kwa msuguano wa 0.3, kilo moja ya kuvutia nyuma inakuwa karibu kilo 6.6 mbele. Shusha msuguano uwe 0.1, inakuwa chini ya 1.9. Kona zilezile! Kwa mwanaume njia ya mkojo ina kona, naona ndiyo maana mdogo wake jamaa ameona tofauti kubwa.

Swali langu kwa Mkemia: kwa nini msiweke tabaka letu kwenye mpira wenu, au teflon kabisa, muachane na habari za maji?

Mkemia_Mchovu

Hesabu safi sana fundi, ingawa kwenye nyama kona hazikai kama za bomba, zinajinyoosha kidogo.

Teflon inateleza ikiwa kavu, 0.05 hadi 0.1, ndiyo sifa yake tangu Roy Plunkett aikute kwa bahati ndani ya mtungi wa gesi mwaka 1938. Ipo mipira ya raba iliyopakwa teflon. Lakini kavu dhidi ya nyama laini ni habari nyingine na kavu dhidi ya chuma. Na kuna kisa kimoja nakipenda, kinahusu nyonga.

Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari John Charnley alitaka kiungo bandia cha nyonga chenye msuguano mdogo kuliko vyote. Akachagua teflon kwa kikombe cha kiungo. Wagonjwa karibu 300 wakawekewa, wakaamka wanatembea, furaha tupu. Baada ya mwaka mmoja, miwili, mitatu, maumivu. Teflon ilikuwa inateleza vizuri na inalika vibaya. Vumbi lake likajaa kwenye kiungo na mwili ukalikasirikia. Charnley akajiwekea vipande vya plastiki kwenye paja lake mwenyewe kuona mwili unafanyaje, na palipowekwa teflon pakavimba. Mwishoni mwa 1962 akahamia polithini ya molekyuli ndefu, ambayo msuguano wake ni mkubwa kuliko wa teflon lakini hailiki ovyo, na ndiyo iliyotawala nyonga za dunia.

Kuteleza na kudumu ni sifa mbili tofauti, na watu wanazichanganya kila siku. Hata hizi tando zinazopenda maji zina ugonjwa huo. Zile waya na mirija inayopitishwa kwenye mishipa ya damu imepakwa kitu cha ukoo huu, na mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba utando unaweza kubanduka na vipande vyake vikaenda na damu.

Nao Wajapani walirudi kwenye nyonga na wazo la brashi. Kundi la Chuo Kikuu cha Tokyo, akiwamo Kazuhiko Ishihara, lilichukua ile polithini likaiotesha juu yake polima iitwayo MPC, iliyoigwa kutoka kwenye ngozi ya seli zetu. Tabaka la nanomita 100 hadi 200 tu. Haikupakwa, imeoteshwa, kila mnyororo una mzizi kwenye plastiki. Kiungo hicho kilianza kuuzwa Japani mwaka 2011.

SistaWodi

Hiyo ya waya za mishipa nathibitisha kwa upande wa matumizi. Tunaambiwa tusizifute kwa gozi kavu wala spiriti, zinafutwa kwa gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Nilikuwa nikilifanya kama sheria tu.

Kaka_Kitunda (mleta mada)

Wakuu, jana Jumapili nilikaa na hii kitu. Nilichukua sinia la kioo, kiberiti kilichojazwa sarafu, na chini yake nikabandika vipande viwili vya mrija. Naliinua sinia upande mmoja mpaka kiberiti kiteleze, kisha napima kimo cha upande ulioinuka na urefu wa chini wa sakafuni. Nimekumbuka kidato cha nne, kimo kugawa kwa tako ndio msuguano.

Mrija wa kawaida, mkavu: tako sm 50, kimo kama sm 28. Hiyo ni 0.56. Uliopakwa, umeloweshwa kwa kile kifuko, kioo nacho nimekilowesha: kimo hata sm 3 hakikufika! Kiberiti kikaondoka chenyewe. Uliopakwa ulioachwa nusu saa kwenye feni: nimeinua sinia mpaka limesimama wima, kiberiti kimeng'ang'ania. Mke wangu akauliza kama ndio nimestaafu.

Halafu kwa heshima ya Mgogo_Halisi nikajaribu bamia. Nilikata mbili, nikaziloweka, nikapaka ule ute kwenye mrija wa kawaida (narudia, kwenye sinia, sio kwa mgonjwa). Unateleza vilevile, sikuona tofauti! Nikaupitisha chini ya bomba, nikausugua mara tatu kwa vidole. Kwisha. Plastiki tupu. Ule wa dukani nimeusugua mara hamsini, bado kambale.

Mgogo_Halisi

Weka kumbukumbu: mlenda umefaulu maabara.

Mkemia_Mchovu

Kaka, kazi nzuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Lakini kioo si nyama. Kama unataka namba inayokaribia ukweli, bandika kwenye sinia utumbo wa ng'ombe toka buchani, upande wa ndani juu.

Kaka_Kitunda (mleta mada)

Mkuu, nimekueleza habari za mke wangu. Utumbo juu ya sinia la wageni? Hapana.

Mkemia_Mchovu

Haya. Basi bamia yako imeshajibu swali la kupaka nyumbani. Kuteleza ni rahisi, hata mboga inaweza. Kazi iko kwenye kuufunga ute usitoke. PVP inayeyuka kwenye maji kama sukari, ukiipaka tu itaondoka na mkojo. Kiwandani wanafanya hivi kwa njia mojawapo: mrija unachovywa kwanza kwenye kemikali iitwayo isosianeti, inayoshika plastiki. Kisha unachovywa kwenye PVP, halafu unawekwa kwenye joto lenye unyevu. Isosianeti ikikutana na unyevu inajisuka kuwa wavu, na minyororo ya PVP inabaki imenasa humo, miguu ndani, mikono nje. Wengine wanatumia mionzi ya urujuanimno kufunga mafundo, wengine wanapiga uso wa plastiki kwa plazma kwanza ili ushike. Isosianeti ukiivuta inaharibu mapafu. Kisha kuna kuua vijidudu bila kuharibu utando. Si kazi ya jikoni, usijaribu.

FundiNyaya

Kwa hiyo kama lenye silikoni letu, siri ni kwamba limezaliwa na bomba.

Mswahili_Göteborg

Kuhusu idadi, watu wajue tunaongelea nini. Mara sita kwa siku ni 180 kwa mwezi. Marekani, bima ya serikali ya Medicare ilikuwa inalipia mipira minne kwa mwezi mpaka mwaka 2008, ndipo ikapandisha hadi 200. Minne! Kwa hiyo mnapojiona mnaosha mjue huko nako walikuwa wanachemsha mpaka juzi.

Wa_Likoni

Alhamdulillahi, kumbe twafanana.

Dogo_wa_Kitunda

Habarini. Mimi ndiye "mgonjwa". Kaka kanionyesha uzi leo baada ya kunijadili wiki nzima na kunipima kwenye sinia.

Nimejaribu na kile kifuko siku nne sasa. Haujakwama hata mara moja, ila pia nimeacha kupokea simu. Ile ya kuteleza imebaki 31. Nimepanga hivi: nyumbani naendelea na ya kawaida na jeli, maji yapo, meza ipo, sina haraka. Hii naibebea Jumanne na Ijumaa ninapokwenda kazini kwa fundi redio Kariakoo, maana choo cha pale hakina pa kuweka hata tyubu ya jeli, na kwenye kiti cha magurudumu mikono miwili haitoshi. Pakiti moja, kifuko ndani, unapasua, unatikisa, unahesabu thelathini. Mara mbili kwa siku, siku mbili kwa wiki, itanifikisha karibu wiki nane.

Sista, nina swali. Nikishakipasua kifuko halafu mtu akagonga mlango, nikaufunga nikasubiri, ule uliolowa unanisubiri muda gani kabla haujaanza tabia zake?

SistaWodi

Karibu Dogo, na utusamehe. Ukiwa bado ndani ya pakiti yake na maji yake haukauki haraka, lakini muda kamili unategemea aina, na umeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Piga picha hiyo karatasi uiweke hapa tuisome pamoja. Ukishautoa kwenye hewa, ndipo uharakishe. Na mlango ukigongwa, sema "kuna mtu".